Musikimbie, Ni Yangu

Bwana yangu alikuwa fundi wa redio, na siku ya Mungu, Jumapili, alikuwa anarusha roketi. Nalisema mapema ili usije ukanikatiza katikati. Si roketi za jeshi. Vilikuwa vitu vya karatasi, virefu kama mkono wa mtu, tumboni vimejaa baruti nyeusi aliyoitengeneza mwenyewe nyuma ya nyumba, na mkia wa kila kimoja ni tete lililonyooka alilolikata kando ya mto Ruzizi. Mwili aliufanya kwa mifuko ya simenti. Aliibandua tabaka kwa tabaka, akaipaka uji wa muhogo, akaizungusha, kisha akaianika juani kwenye turubai langu, pembeni ya ndagala zangu, dagaa wa ziwa letu. Ndagala zikanuka simenti. Kwa ajili ya ndagala hizo nimegombana na yule mwanaume miaka na miaka.

"Huna aibu?" nilimwambia. "Mji mzima unakimbia baruti, weye unaipika kama bugali!"

Yeye alicheka tu. Alikuwa mtu wa kucheka polepole, na mikono yake haikutoka weusi hata kwa limau. Jibu lake lilikuwa lile lile kila mara. "Kila kitu kinapanda juu hapa Uvira, kinashukia kichwa ya muntu. Yangu inashukia mu mai ya ziwa." Kisha anarudi kwenye karatasi zake.

Nami nilikuwa na sehemu yangu katika ujinga huo. Mimi ni mshonaji. Mashini yangu iko barazani mpaka leo. Chini ya kichwa cha kila roketi aliweka kitambaa kilichokunjwa, chenye nyuzi kwenye pembe, na roketi ikifika juu kabisa ilikitema, kitambaa kikafunguka, kikashuka taratibu juu ya ziwa. Vitambaa hivyo nilivishona mimi kwa mabaki ya vikwembe, vitenge vya wateja. Wanawake wa avenyu yetu, mtaa mzima, walijua. Walisimama na mikono kichwani kukinga jua, wakapiga kelele: "Angalieni! Ile ni ya ndoa ya binti yangu!" Mwingine anasema, "Uongo, ile ni yangu ya Pasaka." Walibishana mpaka kitambaa kinagusa maji. Hata askari wa kituo cha karibu walikuwa wanakuja kutazama, bunduki mgongoni, wakila karanga.

Roketi zake hazikulia. Hilo lielewe vizuri, maana ndilo jambo lenyewe. Zilisema shiiiii, kisha kimya, kisha kitambaa. Hakutaka mlipuko. Lakini shiiiii peke yake, kwa watu wa huku, inatosha kumtoa mtu kitandani bila suruali. Mara ya kwanza aliporusha hakumwambia mtu, na avenyu nzima ilikimbia. Jirani mmoja alifika Kavimvira na sufuria ya maharagwe mkononi, bado ya moto. Chefu wa avenyu alijifungia chooni. Alipotoka alikuwa na hasira ya mtu aliyeonekana akitoka chooni, akamwita bwana yangu mbele ya watu wote.

"Unataka kuchezea baruti yako, chezea," alimwambia. "Lakini pita mulango kwa mulango, toka barabarani mpaka ku ziwa. Usipobisha, usirushe."

Ikawa sheria yetu. Kila mara kabla ya kurusha, bwana yangu alichukua tete, akaanza juu kwenye barabara kubwa, akashuka avenyu akigonga milango yetu ya manjanja, mabati matupu, kwa-kwa-kwaa, kwa-kwa-kwaa, na kwenye kila mlango akapaza sauti: "Musikimbie, ni yangu! Saa kumi, ni yangu!" Hakuruka nyumba hata moja, hata nyumba ya yule aliyekataa kumsalimia kwa ajili ya maharagwe. Mlango wetu tu ndio hakuugonga. Ya nini? Mimi nilikuwa ndani, natoboa vidole vyangu na sindano.

Na watu walizoea. Waliipenda, nakwambia. Ilikuwa sauti ya hatari ambayo unaweza kuisikia umekaa kwenye kigoda chako na kikombe cha chai. Mama mzee wa nyumba ya mwisho kabisa, ile inayokaribia kuliwa na maji tangu ziwa lipande, alikuwa anajisifu kwa kila mtu: "Minye, masasi ya bunduki nakimbia, bombe nakimbia. Ya fundi, nakaa."

Siku vita ilipoingia mjini mara ya mwisho mimi sikuwepo. Nilikuwa nimekwenda Kamanyola kwa dada yangu kutafuta vitambaa vya kutoka ng'ambo ya mpaka. Kabla sijaondoka bwana yangu aliniomba kipande kwa roketi mpya. Nilikuwa nashona nguo za matanga za familia moja ya Rugenge, mabaki yote mezani yalikuwa meusi. Nikamtupia kimoja nilichokishonea nyuzi haraka haraka. Alikinyanyua mbele ya dirisha, akasema, "Hii itaonekana vizuri." Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Ungesema mtu anachagua rangi ya pazia.

Barabara ikafungwa. Kutoka Kamanyola hatukuweza kurudi, tukavuka mpaka na watu wengine, tukaishi kule ng'ambo ndani ya mahema, miezi yenye mvua na miezi isiyo na mvua. Simu yake ilikuwa inaita, kisha haikuita tena. Kila mtu aliyefika kutoka Uvira nilimuuliza. Umemuona fundi? Fundi wa redio, yule wa baruti? Walitikisa kichwa.

Niliporudi, mlango wetu ulikuwa umefungwa kwa waya. Ndani vumbi, redio zilizofunguliwa matumbo, na juu ya kitanda, kwenye msumari wake, ile roketi mpya. Imekamilika, tayari. Yeye hayupo.

Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa mvuvi mmoja wa avenyu yetu, mwenye mtumbwi wake. Nikamuuliza kabla hata ya salamu. Akajikuna shingo.

"Bwana yako? Si alishavuka ziwa, mama? Siku ile ile. Nilimuona mugongo mu mutumbwi ya pili, na ile koti yake ya bluu ya kazi. Ilikuwa na doa ya rangi nyeupe mu bega."

Hilo doa jeupe lilikuwa la rangi ya mlango wetu. Koti hilo nilikuwa nimelifua mwenyewe kwa sabuni mpaka mikono ikachubuka, doa halikutoka. Basi alikuwa yeye. Alivuka. Alikaa ng'ambo ile ile niliyokaa mimi, miezi yote ile, na hakunitafuta. Kufikia jioni wavuvi wengine walikuwa wameshaongeza chumvi: ana mwanamke huko, wanasema anauza betri sokoni, ameongezeka mwili.

Ungetaka niseme nilinyamaza kwa heshima? Hapana. Mimi mdomo wangu haujawahi kuomba ruhusa. Nilimtukana mchana kutwa, nikamtukana na aliyenipa pole. Shemeki zangu, ndugu zake, walipokuja kusema tumlilie, tukae matanga hata bila mwili, niliwafukuza barazani. "Nimlilie nani? Muntu aliyekimbia na koti? Muende mumulilie huko anauza betri!" Shangazi yake mmoja alinyanyua mikono juu, akasema Mungu akusamehe. Nikamwambia Mungu anajua anwani yangu. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kutaja jina la bwana yangu mbele yangu. Nikipita, maongezi yalikatika.

Halafu kubisha kukaanza.

Sijui niseme vipi ili usinicheke. Si usiku, kama unavyosikia kwenye hadithi za watu. Ilikuwa mchana, jua likiwa zito, watu wamelala baada ya kula, hata kuku wamejikunja kivulini. Nikiwa kwenye mashini, ninasikia kwa mbali, kutoka juu barabarani: kwa-kwa-kwaa. Tete kwenye manjanja. Kisha mlango wa pili. Kisha wa tatu. Inashuka. Naijua ile mikono. Kila fundi ana namna yake ya kugonga, na ile ya mwisho aliivuta kidogo, kama mtu anayengoja kujibiwa. Inakaribia, inafika kwa jirani wa kushoto, inaniruka, inaendelea kwa jirani wa kulia. Inashuka mpaka karibu na maji, kisha inanyamaza kabla ya kufika mwisho. Siku zote hapo hapo. Nyumba ya mama mzee haikugongwa.

Nilitoka mbio mara ya kwanza, mguu mmoja na kandambili. Njia ilikuwa tupu. Nikamuuliza jirani wa kulia, "Umesikia mtu?" Akanitazama, akatazama miguu yangu, akaingia ndani. Nikasema, haya, nimekuwa mwenda wazimu, na hata huo wazimu ameniachia yeye.

Na roketi pale juu ya kitanda. Wakati wa mvua ilikuwa inatoa jasho, na harufu ya baruti ikashuka juu ya mto wangu. Nilihamia barazani kulala na vitambaa. Nilitaka itoke nyumbani mwangu. Lakini utaitupa wapi? Jikoni haiingii. Kuizika, mtu atakuja kulima aitifue na jembe. Kwenye ziwa wanaoga watoto. Kitu kama kile kina njia moja tu ya kutoka, kupanda. Niliogopa sana, na hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Nikasema nitairusha mimi, iende, na yeye aende nayo, niwe mwanamke aliyeachwa kama wengine walioachwa, nilale kitandani mwangu.

Nilikwenda kwa chefu wa avenyu. Amezeeka yule, meno yamepungua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilifikiri atakataa kwa sababu ya askari.

"Askari nitawaambia mimi," alisema. "Lakini sheria unaijua."

"Kupita?"

"Kupita. Mulango kwa mulango. Kama yeye."

Nilipofika nyumbani nilitafuta tete lake. Lile la kugongea halikuwepo, nikakata jingine.

Nilianza juu, barabarani, kwa mama anayekaanga maandazi. Nikagonga. Mikono yangu ilijua yenyewe: kwa-kwa-kwaa. Alifungua akiwa na unga mpaka kwenye viwiko, akaona tete mkononi mwangu, na machozi yakamtoka hapo hapo kabla sijasema neno.

"Eh, mama! Nimekuja kusema tu," nikaanza. "Kesho saa kumi, musikimbie, ni..."

"Alisimama hivyo hivyo," akasema. "Siku ile. Hapo hapo unasimama weye. Lakini hakusema hivyo."

"Nani hakusema?"

"Fundi. Bwana yako. Alisema, 'Si yangu! Kimbieni, si yangu!'"

Nikashika mlango. Manjanja yalikuwa ya moto kwa jua, sikuachia.

Akanieleza, na unga ukamdondoka mikononi. Ilikuwa siku ya Mungu, watu wametoka misa. Bombe za kwanza zilipita juu, zikasema shiiiii, zikaangukia ziwani. Maji yaliruka, hakuna aliyeumia. Avenyu nzima ikasema: ni fundi huyo. Wakakaa! Walikaa kwenye vigoda vyao, wengine wakamnung'unikia kwamba leo amesahau kubisha, ameanza kiburi. Watu wa avenyu nyingine walikuwa wameshabeba watoto mgongoni, sisi tunakunywa chai. Ndipo wakamsikia anashuka, anagonga kama anataka kuvunja, anapiga kelele si yangu, si yangu, tokeni.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza. Sauti yangu haikuwa nzuri.

"Nikuambie weye?" alisema. "Nani alikuwa na njia ya kukuambia? Tulijua alikufa. Weye ulisema amekimbia na koti, na ukisema, nani anakujibu?" Akajifuta pua na mkono, unga ukabaki usoni. "Na kila mchana anabisha, mama. Hata siye tunamusikia."

Nilikwenda mlango wa pili. Kwa-kwa-kwaa. Alibisha? Alibisha, mama, tulikuwa mezani. Wa tatu: alibisha, mume wangu alikuwa na malaria, fundi akamshika mkono mpaka barabarani, kisha akarudi kushuka. Akarudi? Akarudi. Mlango mwingine waliniletea maji ya kunywa, nikanywa nimesimama. Kwa yule wa maharagwe, ambaye hajatusalimia tangu ile sufuria, alitoka mwenyewe, akavua kofia. "Minye sikufungua," alisema. "Nilisikia sauti yake nikasema, huyu naye na baruti yake. Alivunja dirisha ili nitoke." Dirisha hilo bado lina karatasi ya nailoni.

Nilipita mbele ya mlango wetu. Sikuugonga.

Nyumba ya chini ya yetu ina kijana mmoja mrefu, amekwisha kuoa sasa. Alipofungua na kuniona, alirudi ndani mbio, nikafikiri amenikimbia. Akatoka na kitu kimekunjwa vizuri, kimefuliwa, kimepigwa pasi. Koti la bluu. Doa jeupe begani.

"Nilikuwa naoga, mama," alisema, akitazama chini. "Alibisha nikiwa na sabuni mu macho. Nilitoka uchi, kabisa kabisa, kila muntu alinicheka hata na bombe zikipita. Akavua koti yake akanivalisha. Akanisukuma nikimbilie mutumbwi." Akaninyooshea lile koti. "Nilikuwa naogopa kukuletea. Weye, mama, na mdomo wako."

Nililishika lile koti. Halikuwa na harufu yake tena, lilinuka sabuni ya watu wengine. Muda wote ule nilikuwa natukana mgongo wa mtoto wa jirani. Nilitaka kucheka na kikanitoka kitu kingine, na yule kijana akanishika kiwiko kama ambavyo bwana yangu lazima alimshika mgonjwa wa malaria.

Lakini nilikuwa bado sijafika chini, na sheria ni sheria.

Kabla ya mwisho kuna mfuga mbuzi. Baada yake kijito kinachoshuka kutoka milimani kinakata njia, na juu yake kulikuwa na daraja la mbao. Sasa kuna mawe tu ya kurukia. Mfuga mbuzi hakungoja nibishe. Alikuwa amekaa mlangoni, nadhani alinisikia tangu juu, wote walinisikia.

"Alinigongea," alisema. "Nikamwambia fundi, inatosha, twende. Akasema imebaki moja." Alinyoosha kidole kwenye mawe. "Akakimbilia daraja. Bombe iliyofuata haikuanguka ku ziwa."

Aliendelea mwenyewe, polepole, na mbuzi mmoja akawa anamtafuna pindo la shati, hakumfukuza. Mvua kubwa ilinyesha jioni ile. Kijito kilishuka kikiwa chekundu kwa udongo, kikabeba mbao, kikabeba yote, kikapeleka ziwani. Yeye mfuga mbuzi alirudi baada ya wiki kadhaa, akatafuta kwa mikono yake. Aliona tete tu, limekwama kwenye matope. Alilichomeka kwenye uzio wa mbuzi, lipo mpaka leo.

Nikavuka mawe.

Mama mzee alikuwa kwenye kigoda chake, maji ya ziwa yanalamba ukuta wa nyuma wa nyumba yake. Amekonda. Zamani aliishi na binti yake mkubwa, sasa anaishi na mjukuu anayekwenda sokoni asubuhi. Nilijua binti alikufa kwa bombe. Kila avenyu ina wafu wake, nami nilikuwa na yangu ya kulia. Nikagonga ingawa mlango ulikuwa wazi na yeye ananitazama.

"Jambo, mama."

"Jambo sana. Ni weye unagonga tangu kule?"

"Ni minye, mama. Kesho saa kumi nitarusha ile ya fundi iliyobaki. Musikimbie. Ni yangu."

Alikuwa anatazama tete.

"Minye nilimungoja," alisema.

"Nani, mama?"

"Fundi. Binti yangu aliniambia, mama, watu wanakimbia, simama. Nikamwambia, kaa. Kama si yake, fundi atakuja kunambia. Yule hawezi kuniruka, hajaniruka hata siku moja. Tukangoja. Nilimusikia anashuka, anagonga, anagonga, sikusikia maneno kwa ajili ya kijito. Kisha akanyamaza. Hakukuja." Alinyanyua uso. "Nikamwambia binti yangu, unaona? Ni yake. Njo maana hakufika. Kaa, mutoto wangu. Na akakaa."

Nilipiga magoti kwenye mchanga wake na kuweka kichwa juu ya mapaja yake, na mifupa yake ikanichoma shavuni.

"Mbona hakukuja?" aliniuliza. Hakuwa anamlaumu. Aliuliza kama mtu aliyeuliza kila siku ukuta na ziwa, na leo amepata mtu wa kumuuliza. "Nilimukosea nini, hata aniruke minye peke yangu?"

"Alikuwa anakuja, mama," nilisema. "Alikuwa ku daraja. Mwenye mbuzi alimwambia inatosha, akasema imebaki moja. Ni weye, mama. Alikuwa anakuja kwako."

Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa changu, mwepesi sana.

"Kumbe alikuwa mu njia," akasema.

"Alikuwa mu njia."

Tulilia hapo sisi wawili mpaka mjukuu aliporudi na mboga, akaogopa, akauliza nani amekufa.

Nilipoinuka kuondoka alinishika kikwembe. "Kesho nikisikia," alisema, "nikae, ao nikimbie?"

"Ukae. Na siku nyingine yoyote utasikia kitu, nitakuja mwenyewe kukuambia. Kama ni yangu nitakuja. Kama si yangu nitakuja."

"Utakuja kwangu kwanza?"

"Kwako kwanza, mama."

Kesho yake walikuwa wamesimama wote ukingoni, toka kwa maandazi mpaka kwa mbuzi. Yule kijana alimbeba mama mzee na kigoda chake. Koti nilivaa mimi, mikono imenizidi. Niliwasukuma wote nyuma, mbali, kama alivyofanya yeye, nikawafokea walioleta watoto karibu. Kiberiti kilizimika na kuzimika. Nilisema moyoni, baruti imekaa sana, imelowa, haitawaka, na nilitamani isiwake ili niirudishe kwenye msumari wake.

Iliwaka. Shiiiii. Nikasikia nyuma yangu pumzi ya watu wote ikiingia ndani kwa pamoja. Niligeuka kuwatazama badala ya kutazama juu. Hakuna aliyekimbia. Walikuwa wameshikana mikono, wamefumba macho wengine, lakini hawakutoka.

Kisha kimya. Kisha nikaona nyuso zao zinabadilika, nikageuka na mimi. Kitambaa kilikuwa kimefunguka juu ya ziwa. Nilikuwa nimesahau, haki ya Mungu, nilikuwa nimekisahau. Kilikuwa cheusi. Kwenye anga lile jeupe kilionekana vizuri, kama alivyosema. Hakuna mwanamke aliyepiga kelele kwamba ni cha ndoa yake. Wote walijua kitambaa kile kinashonewa nini.

Kilishuka, kikachukua muda wake, na kilipogusa maji mama wa maandazi akapaza ile sauti. Yooo! Ile tunayopaza mlangoni mtu akikata roho. Wengine wakaipokea, ikapanda avenyu yote, na hakuna aliyewaambia walie. Walikuwa wameizuia kwa ajili yangu, kwa sababu kilio cha mtu hakianzi mjane akikataa.

Nilivua viatu. Nikashusha kikwembe kichwani. Shemeki zangu walikuwa wanashuka kutoka barabarani, na yule shangazi mbele, mikono juu. Mama mzee alishuka kwenye kigoda chake, akakaa mchangani, akapiga mchanga karibu naye.

"Njoo," alisema. "Kaa."

Nikakaa chini.